Nuru ya Macho: Deni Letu kwa Mgeni na kwa Mwenyeji



Nani kati yetu asiyemfahamu yule mtoto? Ana miaka minane au tisa. Ameshika ncha moja ya fimbo, na ncha ya pili imeshikwa na bibi yake asiyeona. Jumapili humwongoza kanisani, siku ya gulio humwongoza sokoni, siku nyingine humpeleka zahanati. Tumemzoea mno. Twampisha njia, pengine twamwekea bibi sarafu mkononi, kisha twaendelea na safari. Ni wachache waliowahi kumwuliza mtoto huyo yuko darasa la ngapi. Tungemwuliza, angetujibu kwamba haendi shule, maana kazi aliyopewa ni kuwa macho ya mtu mwingine.

Hivyo upofu wa mtu mmoja huwafunga wawili, na mara nyingi wote wawili wangeweza kufunguliwa.

Wapo waliotuuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani iache habari za ardhi, rushwa na chaguzi, ijitie katika mambo ya hospitali. Tunawajibu kwamba hatukuyaacha hayo. Bali pale ambapo mtu anabaki kipofu ingawa dawa ipo, inajulikana na ni nafuu, jambo hilo limeshatoka mikononi mwa madaktari na kuingia katika haki. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2019 kwamba watu bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba walau bilioni 1 kati yao wangeweza kukingwa au bado hawajapata tiba waliyostahili. Hao bilioni moja hawakupangwa na Mungu wasione.

Chukueni ugonjwa uitwao mtoto wa jicho, ambao ndio unaoongoza kwa kupofusha watu duniani. Ndani ya jicho mna kilenzi kinachopitisha mwanga. Kwa uzee, kwa kuumia, au kwa sababu ya kisukari, kilenzi hicho huingia ukungu, mpaka mwishoni mboni huonekana nyeupe. Hakuna dawa ya kunywa wala ya matone iwezayo kuondoa ukungu huo, na wale wanaouza chupa za namna hiyo magulioni wanawaibia wazee wetu. Tiba yake ni upasuaji. Jicho hutiwa ganzi, daktari hufungua tundu dogo, hutoa kilenzi kilichoharibika, huweka kingine cha plastiki. Kwa mikono iliyoizoea kazi hiyo haifiki nusu saa, na kesho yake bandeji inapofunguliwa, aliyekuwa akiongozwa kwa fimbo humtambua mjukuu wake kwa sura.

Kilenzi hicho cha plastiki kina historia inayofundisha. Daktari Mwingereza Harold Ridley aliona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita, vilivyowaingia marubani machoni wakati wa Vita Kuu ya Pili, havikulidhuru jicho kama vitu vingine vifanyavyo. Mwaka 1949, huko London, akamwekea mgonjwa lenzi ya kwanza. Lakini kwa miaka zaidi ya 40 lenzi hizo zilibaki kuwa kitu cha wenye fedha, hadi mwaka 1992, pale hospitali ya Aravind ya mjini Madurai, kusini mwa India, ilipoanzisha kiwanda chake na kuziuza kwa bei isiyozidi dola 10. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1976 na Dk. Govindappa Venkataswamy, mzee aliyekwisha kustaafu utumishi wa serikali. Utaratibu wake ni kwamba mwenye uwezo hulipa na maskini hutibiwa bure, na wote hupasuliwa na madaktari wale wale. Asmara nako, nchini Eritrea, kilifunguliwa kiwanda cha lenzi katika miaka ya 1990 kutokana na juhudi alizozianzisha daktari wa Australia, Fred Hollows. Bei ya lenzi, basi, si kisingizio tena.

Kinachobaki ni umbali, nauli, woga, na kibali.

Madaktari bingwa wa macho wa nchi yetu wengi wao wako Dar es Salaam, Moshi, Mwanza na miji mingine mikubwa. Mzee wa kijiji cha Kibondo au Kakonko akiambiwa upasuaji ni bure, bado atalipa nauli yake na ya msindikizaji, chakula cha siku kadhaa na mahali pa kulala, tena arudi kuangaliwa. Akijumlisha hayo hukuta ni mbuzi wawili, na mbuzi hao hana. Kwa wanawake hali ni nzito zaidi. Duniani kote wanawake ndio wengi miongoni mwa wasioona, na katika sehemu nyingi za Afrika wao ndio wanaofikishwa hospitalini mara chache kuliko wanaume. Baba akiingia ukungu machoni familia huketi kikao. Mama akiingia ukungu huambiwa ni uzee.

Hapo hatujasema neno juu ya mkimbizi.

Mkoa wetu na mikoa jirani imewapokea wageni kizazi baada ya kizazi. Tuliwapokea Warundi wa mwaka 1972, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita nchini Zaire, na mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena, Nduta ikafunguliwa upya. Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu wa taifa hili, na mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000 wa ile safari ya 1972 walipewa uraia. Wajukuu wa wakimbizi wale ndio makatekista na walimu wa leo katika baadhi ya vigango. Hii si habari ya watu wa mbali. Muha na Mrundi husikilizana lugha bila mkalimani.

Hata hivyo, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 yamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, wala asitoke bila kibali. Hatubishi kwamba nchi ina haki ya kuweka utaratibu wa usalama wake. Tunachokitazama ni namna utaratibu huo unavyomwangukia mtu asiyeona. Zahanati ya kambi hutibu malaria, huzalisha akina mama, hushona majeraha. Penye magari machache na fedha kidogo, anayetangulizwa kupelekwa hospitali ya rufaa ni yule ambaye akicheleweshwa atakufa. Mtoto wa jicho hauui. Hivyo mwenye mtoto wa jicho huwekwa mwisho wa orodha leo, na kesho, na mwaka ujao, na hakuna mtu hata mmoja aliyemfanyia ukatili. Ni utaratibu tu. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, katika kifungu chake cha 23, wadai kwamba mkimbizi akaaye nchini kihalali apewe msaada wa umma sawa na raia. Kama raia wa kijijini naye hapati, basi twadaiwa mara mbili.

Ndugu zetu, kabla ya kuwaelekeza wengine yatupasa kueleza tulivyokosea sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita wageni wenye moyo mwema kutoka ng'ambo walifika katika moja ya parokia zetu kwa wiki moja ya kupima na kupasua macho. Tume ilikuwa miongoni mwa wenyeji wao. Tangazo tulilisoma kwenye Misa, tukadhani limewafikia wote. Siku ya kwanza na ya pili ua wa parokia ulijaa watu wa vijiji vya karibu, na baadhi yao hawakuwa na ugonjwa ila hamu ya miwani. Siku ya tatu katekista mmoja Mkongo alitoka kambini na wazee kumi na mmoja. Saba walirudishwa kizuizini kwa kukosa vibali, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekumbuka kuviomba mapema. Wanne walifika, wakakuta orodha imejaa. Palikuwa na minong'ono uani kwamba wakimbizi wana mashirika yao, wasije wakatupunguzia. Tuliisikia minong'ono hiyo. Hatukuikemea, tukaogopa kuharibu sikukuu.

Wageni wakaondoka kwa nyimbo na picha. Siku ya tisa, baba mmoja wa kigango cha mbali jicho lake lililopasuliwa lilianza kuuma na kutoa usaha. Familia ilikwenda kwa katekista, katekista akamwendea paroko, paroko akatuuliza sisi, nasi hatukuwa na jina la mganga wa macho wa kumpeleka, wala karatasi iliyoonyesha amefanyiwa nini. Kufikia siku aliyoonwa na daktari, jicho lilikwisha kupotea. Hatukuweza kumweleza lolote. Alitupokea kwa adabu, akatuletea viti.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza juu ya Bartimayo, kipofu wa Yeriko. Twapenda kuhubiri imani yake na kupona kwake. Mara chache twahubiri juu ya umati uliokuwa ukimkemea anyamaze, na ule ulikuwa umati wa watu waliomfuata Yesu. Kadhalika twasahau kwamba Bwana, ingawa upofu wa mtu yule ulionekana wazi, alimwuliza kwanza anataka kutendewa nini. Sisi hatukumwuliza mtu. Tulipokea ratiba ya wageni, tukapanga watu wetu wailingane.

Hatusemi wageni wasije. Kazi ya macho katika Kanisa ina mizizi ya kale na haikuanza kwa dhehebu moja. Mchungaji Mjerumani Ernst Jakob Christoffel alifungua nyumba ya vipofu na yatima huko Malatya, Uturuki, mwaka 1908, na Waarmenia walipoangamizwa alikuwa miongoni mwa waliowahifadhi wakimbizi wao. Shirika lililotokana na kazi yake limesaidia huduma za macho katika nchi yetu kwa miaka mingi. Hospitali ya KCMC ya Moshi na ile ya Mvumi, Dodoma, zote za ndugu zetu wa makanisa mengine, zimewafungua macho Wakatoliki, Waislamu na wasio na dini bila kuuliza. Tofauti yake na wiki yetu ile ni kwamba wao walikaa. Walifundisha waganga na wauguzi wazalendo, wakaweka kumbukumbu, na mgonjwa akipata shida siku ya tisa anajua mlango wa kubisha.

Jambo lingine ni lile sanduku la miwani. Wageni walituachia miwani mia kadhaa iliyokwisha kutumika huko kwao, tukaigawa kwa kujaribisha mmoja mmoja mpaka kila mtu akapata iliyompendeza. Baadaye tulielezwa na wataalamu kwamba miwani ya mtu imepimwa kwa macho ya mtu huyo, kila jicho kwa kipimo chake, na kwamba kuichambua miwani chakavu hugharimu muda na fedha kuliko kununua mipya ya bei nafuu. Jumuiya ya kimataifa ya kuzuia upofu hushauri misaada ya namna hiyo iachwe. Ikiwa basi ndugu zetu wa parokia rafiki za Ulaya watatuuliza tunataka nini, tuwe na ujasiri wa kusema kwa upole kwamba hatuhitaji miwani yao ya zamani.

Miwani mipya ya kusomea, ile anayoihitaji karibu kila mtu akishapita miaka 40, ni kitu kidogo chenye faida kubwa. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti miongoni mwa wachuma chai wa Assam, India, waliokuwa na umri wa miaka 40 na kuendelea: waliopewa miwani waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Akina mama wa Kasulu wanaochambua maharage, mafundi cherehani wa kambini, na wasomaji wetu wa masomo ya Misa wanaoisogeza Biblia mbali mpaka mkono unakwisha, wangejua mara moja maana ya habari hii.

Watoto nao wana haja zao. Wilayani Kasulu, pale Kabanga, walikusanywa watoto wenye ualbino baada ya mauaji ya kinyama yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2007. Tulishughulika, kwa haki kabisa, na ulinzi wa uhai wao. Lakini mtoto mwenye ualbino haoni vizuri kwa mbali, na mwanga mkali humwumiza. Akiketishwa nyuma darasani atahesabiwa mjinga. Kiti cha mbele hakigharimu senti, na kofia pana na miwani ya kufaa si anasa kwake. Tena mzazi akiona mboni ya mtoto mchanga inang'aa nyeupe kama jicho la paka, asingoje wala asimpeleke kwa mwenye mizizi. Huenda ni saratani ya jicho, na hapo kila wiki ina thamani ya uhai.

Upofu mwingine wa watoto huanzia chunguni. Mtoto aliyekosa vitamini A hushindwa kuona magharibi, na akipatwa na surua macho yake yaweza kuharibika kwa siku chache. Mkoa wetu, Mungu amshukuriwe, ni nchi ya michikichi, na mawese mekundu ni hazina ya vitamini hiyo, pamoja na mchicha, matembele, maembe na mapapai. Mkimbizi hana shamba la michikichi. Yeye hutegemea mafuta ya mgawo yaliyoongezwa vitamini, na mwaka 2023 mgawo wa chakula katika kambi za Kigoma ulishushwa hadi nusu. Wanaopunguza mgawo huko mbali huona tarakimu. Mama wa Nyarugusu humwona mtoto wake akijikwaa jioni.

Wala tusidhani kwamba kila wakati sisi ndio wa kuwafundisha waliotukimbilia. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Burundi imeutokomeza ugonjwa wa trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Ni ule ugonjwa wa macho mekundu unaoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi, ambao mwishowe hupindua kope zikakwaruza jicho mpaka likafa. Tanzania tunaendelea kupambana nao katika wilaya kadhaa. Burundi, nchi tuliyozoea kuihurumia, imetutangulia kwa dawa, kwa upasuaji wa kope, kwa maji na vyoo, na kwa kunawisha nyuso za watoto.

Tunarudi kwenu sasa, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista na WAWATA. Hatuwaombi mchango wa fedha katika toleo hili. Twaomba kwanza mwahesabu. Kila jumuiya iandike watu wake wasioona au wanaoona kwa shida: umri, kijiji, jicho moja au mawili, tangu lini, na nani anayemwongoza. Mtoto anayeongoza naye aandikwe jina na shule aliyostahili kuwako. Msiwaandike Wakatoliki peke yao. Msikiti na makanisa jirani waelezwe, na walio kambini waandikwe na viongozi wao wenyewe wa sala kwa karatasi ile ile, wala pasiwepo orodha ya wenyeji na orodha ya wakimbizi. Atakayetangulia ni yule asiyeona kwa macho yote mawili, awe Muha, Mkongo au Mrundi. Minong'ono ikianza uani, safari hii tutaijibu.

Tume kwa upande wake imeazimia kupeleka maombi mawili kwa wakuu wa kambi na kwa mganga mkuu wa mkoa. La kwanza, kibali cha kwenda kupasuliwa macho kitolewe kwa kundi, kabla ya siku ya upasuaji, na kimtaje pia msindikizaji. Mtu asiyeona akipewa kibali cha peke yake hakumfai kitu. La pili, kila safari ya madaktari wa macho, wa serikali au wa ng'ambo, iwe na mganga wa hapa mkoani atakayepokea majina yote na kuwaangalia wagonjwa siku ya kwanza, wiki ya kwanza na baada ya mwezi. Wageni wasiokubali sharti hili tutawashukuru kwa nia yao, lakini ua wa parokia hatutawafungulia. Tunajua baadhi yenu mtaona tumekuwa wagumu. Tunawakumbusha yule baba aliyetuletea viti.

Orodha zikabidhiwe kwa makatekista kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, nao watazifikisha ofisi ya parokia. Waliokwisha kupasuliwa zamani waandikwe vilevile, hata wale ambao jicho halikufunguka. Hao tunataka kuwatembelea kwanza.